Ukili, Shazia na Pindo: Msamiati wa Ushonaji wa Nyumbani katika Delta ya Rufiji na Kibiti



Utangulizi

Msikilizaji wa mjini akiambiwa kwamba bibi fulani wa Salale au Mbuchi anashona, kitu cha kwanza kinachomjia akilini ni cherehani. Humfikiria bibi huyo amekaa barazani, mguu ukikanyaga na gurudumu likizunguka. Fikra hiyo si potofu, lakini ni finyu. Katika Kiswahili cha mwambao kitenzi shona kina eneo pana kuliko nguo. Viatu hushonwa, gunia la mpunga hushonwa mdomo, vyombo vya bahari vilishonwa kwa kamba kabla ya kupigiliwa misumari, na mkeka hushonwa. Naam, mkeka nao. Wengi husema mkeka husukwa, nao wanasema kweli kwa nusu tu. Kinachosukwa ni ukili. Mkeka huzaliwa pale kili zinapounganishwa kwa sindano na uzi.

Nusu iliyosahauliwa ndiyo shina la mhadhara huu. Hoja yake ni kwamba kazi za sindano zinazofanyika majumbani, zisizo na duka, kibao wala bei, zimebeba sehemu ya msamiati wa Kiswahili ambayo kamusi zetu zimeigusa kwa ncha ya kidole. Sehemu hiyo inapungua kila mwaka pamoja na mikono inayoitumia. Zaidi ya hayo, istilahi kadhaa ambazo wanafunzi wa fasihi hudhani zilibuniwa na wataalamu wa ushairi zina jamaa zake katika kikapu cha msukaji, na anayeuacha mkeka upotee bila kuandikwa huiacha pia sehemu ya historia ya ushairi.

Eneo linalohusika ni delta ya mto Rufiji na nchi kavu iliyo jirani nayo, ambayo leo iko zaidi katika Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani. Wilaya hiyo ilimegwa kutoka Wilaya ya Rufiji katikati ya miaka ya 2010. Mto unapokaribia bahari hugawanyika katika midomo kadhaa inayoelekea kisiwa cha Mafia, na katikati ya midomo hiyo umeenea msitu wa mikoko wa takriban hekta 50,000, ambao ni mkubwa kuliko mingine yote ya mdomo mmoja wa mto katika Afrika ya Mashariki. Kwa karne nyingi boriti za msitu huo zilisafirishwa kwa majahazi hadi Arabuni na Ghuba ya Uajemi. Historia ya delta iliyoandikwa, kwa sehemu kubwa, ni historia ya boriti, mpunga, kamba wa kuvuliwa na mafuriko. Kati ya kata zake imo inayoitwa Msala, jina ambalo kwa msemaji yeyote wa Kiswahili ni pia jina la mkeka wa kusalia. Mwanaisimu makini hajengi etimolojia juu ya sadfa ya namna hiyo, ila haimkatazi kutabasamu.

Kusuka kwanza, kushona baadaye

Mti wenye sifa kuu katika kazi hii ni mkindu, ambao hupenda ardhi yenye unyevu kando ya mito na mabonde. Majani yake yakiwa bado machanga, kabla hayajakunjuka, hukatwa, huanikwa juani na kuwa ukindu. Kwa kazi zisizohitaji ulaini hutumika miyaa, yaani majani ya mkoche au mkoma. Hatua inayofuata ni kuchana. Jani moja hupasuliwa kwa ukucha au kwa ncha ya kisu kuwa chane nyembamba zenye upana uleule. Neno chane limetokana na tendo hilo la kuchana, na wanafunzi wa mofolojia wanaweza kulitia katika kundi la nomino zilizonyambuliwa kutoka katika vitenzi kwa kubadili irabu ya mwisho. Msukaji hajali irabu. Anachojali ni kwamba chane zisipolingana, ukili utapinda kama njia ya nyoka.

Zinazohitaji rangi huchemshwa. Weusi ulipatikana zamani kutokana na mizizi ya mdaa, na wekundu wa hudhurungi ukatokana na magome ya mikoko, ambayo katika delta haikuwa na haja ya kutafutwa mbali. Rangi za unga za dukani zimechukua nafasi ya mizizi na magome, zikaleta zambarau, kijani na pinki inayoonekana kutoka upande wa pili wa mto. Wako wanaosikitika kwa ajili hiyo. Masikitiko hayo yana kasoro moja, nayo ni kwamba wenye mikeka wenyewe wamezipenda rangi hizo, na mkeka wa Rufiji hujulikana kwa rangi zake kabla ya kujulikana kwa jambo jingine lolote.

Ndipo usukaji wenyewe unapoanza. Chane hulowanishwa kidogo ili zisikatike, hupishanishwa juu na chini kwa mshazari, na kila moja inapokwisha huungwa nyingine. Utepe unaopatikana ndio ukili, wingi wake kili. Wengine huuita shupatu, wingi mashupatu, ingawa neno hilo hutumika pia kwa tepe zinazowambwa juu ya kitanda. Upana wa ukili hupimwa kwa wanda, na urefu kwa shibiri, mkono na pima. Hivi ni vipimo vya mwili, na kwa hiyo mkeka uliosukwa na bibi mrefu si sawa na wa bibi mfupi, hata kama wote wawili wamehesabu sawasawa.

Sifa kubwa ya ukili ni kwamba unabebeka. Nguo iliyo mezani chini ya cherehani haiendi shambani, lakini ukili hukunjwa mviringo, hutiwa katika kikapu na kwenda popote. Mkulima wa Rufiji aliyepanda dungu lake, ile nyumba ndogo ya juu ya nguzo, ili kuamia ndege wakati mpunga unapotia chuchu, ana macho yenye kazi na mikono isiyo na kazi. Ukili ni kazi ya mikono ya namna hiyo. Aidha hufanyika kwenye mazungumzo, kwenye kungojea mashua, kwenye kuuguza mgonjwa. Hauhitaji macho kila dakika, ila hesabu iliyokwisha kaa katika vidole. Kwa sababu hiyo haukutengewa saa yake katika siku, na kitu kisichotengewa saa ni vigumu kuingia katika takwimu za kazi.

Kushona kunabadilisha mambo. Hapo sharti mtu akae chini, atandaze, apime na alinganishe. Ukili hukatwa vipande au hukunjwa na kurudishwa, kingo mbili huwekwa pamoja, na uzi hupitishwa katika vijipindo vidogo ambavyo chane imeviacha ilipogeuka ukingoni. Sindano ya kazi hii ni kubwa na ina jina lake, shazia, jina ambalo wanafunzi wengi wa Kiswahili wa leo watalisoma kwa mara ya kwanza katika ukurasa huu. Uzi ulikuwa wa ukindu au miyaa iliyosokotwa. Siku hizi ni wa nailoni. Mshono ukifanywa vizuri hauonekani, na mgeni atakula kiapo kwamba mkeka mzima ulisukwa kwa mkupuo mmoja.

Kuna jambo hapa ambalo maelezo ya kawaida ya ususi huliruka. Mapambo ya mkeka hayakamiliki katika ukili. Msukaji hupanga rangi zake kwa hesabu inayojirudia mfululizo wa pima nyingi, lakini utepe wenyewe ukitazamwa peke yake huonyesha vipande tu vya umbo. Umbo hutokea kili mbili zinapokutana, na kosa la chane moja lililofanyika wiki tatu zilizopita hujidhihirisha siku ya sindano. Ndiyo maana kushona, ambako kunachukua muda mfupi kuliko kusuka, huhesabiwa kuwa ndiko kunakomtenganisha ajuaye na ajifunzaye.

Mshono huohuo huzaa vyombo vingine vyenye majina yake. Kuna jamvi, tandiko pana na zito la miyaa lisilo na madaha; kuna msala wa kusalia na kitanga kidogo cha mviringo; kuna kawa la kufunikia chakula, tumba la kuhifadhia msahafu, kanda la kutilia nafaka. Na kuna fumba, ambalo lastahili kutazamwa kidogo. Fumba ni mkeka uliokunjwa na kushonwa pande zake ukawa kama mfuko mkubwa, na mtu huingia ndani yake alale, akijikinga na baridi na mbu. Katika nchi ya maji kama delta, thamani ya kitu hicho haihitaji kuelezwa. Ukiondoa mshono, fumba halipo. Unabaki mkeka mtupu. Fumba lilitumika vilevile kwa maiti, na hivyo kazi ya shazia ilimhudumia mtu katika usingizi wa aina zote mbili.

Pindo

Ushonaji wa nguo nao una mlango wake wa nyumbani, na mlango huo ni kanga. Kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili vikiwa vimeunganika na kingo zikiwa mbichi. Mnunuzi ndiye anayezikata na kuzipinda. Kwa hiyo vazi linalojulikana kuliko yote katika Pwani hufika mkononi mwa mwanamke likiwa halijakamilika, na hatua ya mwisho ya kiwanda, iwe cha Tanzania au cha India, hufanyika juu ya mkeka wa nyumbani. Wenye haraka hupeleka kwa fundi. Wenye nafasi, na wenye kumpenda anayepewa, hupinda kwa mkono kwa mishono midogo, kwa sababu doti ya zawadi iliyopindwa kwa mkono humwambia mpokeaji kitu ambacho jina la kanga, yaani yale maneno yaliyochapwa juu yake, haliwezi kukisema. Jina limechaguliwa dukani na wengi wanalo. Mshono ni wa mmoja.

Kanga ina mji, jina na pindo. Mji ni uwanja wa katikati, na pindo ni ule mpaka mpana unaouzunguka. Neno pindo limetokana na pinda, na pinda ni miongoni mwa vitenzi vyenye uzao mkubwa ajabu. Mtu hupinda nguo, upinde hupindwa, njia hupinda, na kauli ya kutendua hutoa pindua, ambayo nayo imezaa mapinduzi. Si mara nyingi neno la siasa hukaa ukoo mmoja na ukingo wa kanga.

Kauli hiyo ya kutendua yafaa kukaliwa kidogo, maana vitenzi vya sindano vinaipenda. Shona ina shonoa, suka ina sukua, fuma ina fumua, kunja ina kunjua, funga ina fungua. Lugha imeweka akilini kwamba kila tendo la kuunganisha lina njia yake ya kurudi, na anayejifunza kushona hujifunza kufumua siku ileile. Kata haina mwenzi wa namna hiyo. Katua ni neno jingine kabisa, linalohusu kusugua chuma mpaka king'ae. Mwalimu wa sarufi anayetafuta mifano ya kutendua isiyochosha angeipata yote katika chumba kimoja cha mshonaji.

Maneno mengine ya sindano yamesafiri. Leso ni la Kireno, na ponta katika kupiga ponta hudhaniwa kuwa limepita njia hiyohiyo. Cherehani lina asili ya Kiajemi. Mkasi ni la Kiarabu. Kuna kupiga bandi, yaani kushikiza kwa mishono mirefu ya muda. Kuna kudarizi, kutarizi na nakshi. Kuna kaba la kanzu na viua vya kofia, vile vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja mpaka kofia nyeupe ijae. Kofia moja ya mkono huchukua wiki nyingi. Juu ya tabaka hilo la bahari likaja tabaka la shule. Vikundi vya wanawake vya miaka ya 1950, kisha Umoja wa Wanawake wa Tanzania ulioanzishwa mwaka 1962, pamoja na somo la sayansi kimu, vilifundisha vitambaa vya meza, foronya na mishono yenye majina yaliyofasiriwa, kama mshono wa mnyororo. Foronya zilizotariziwa maneno ya kumtakia mlalaji usiku mwema ni matunda ya tabaka hilo. Wanazuoni wa fasihi simulizi wameshughulika sana na majina ya kanga. Maneno ya foronya, ambayo kila mtarizi huyachagua mwenyewe, wameyaacha yaoshwe mpaka yafifie.

Fundi na asiye na jina

Mwanamume mwenye cherehani barazani huitwa fundi. Mwanamke anayeshona misala ya wajukuu haitwi fundi; husemwa tu kwamba anashona. Lugha ina msusi, lakini siku hizi huyo ni wa nywele. Ina mshonaji na msukaji, lakini hayo ni maneno ya mtaala zaidi kuliko ya kijiji, na hakuna anayebisha hodi akimwita mtu msukaji. Kazi imebaki kuwa kitenzi, haikupata nomino ya kumvisha mtendaji. Anayetaka kujua kwa nini watafiti wa uchumi hupita nyumba kama hiyo wakaandika kwamba mwenyewe ni mkulima, pengine aanzie katika upungufu huo wa nomino.

Je, ni burudani basi? Hapa Kiswahili kinampa mchunguzi tabu nyingine. Hakuna neno moja linalokubalika kwa kazi ambayo mtu huifanya kwa hiari, kwa kuipenda, bila kulipwa. Shule za Kenya zimelitumia sana neno uraibu kwa maana hiyo. Lakini uraibu kwa asili ni starehe ya kitu kama tambuu au tumbaku, na katika Tanzania ya leo neno hilo limetekwa na lugha ya afya. Mraibu ni mtu aliyetawaliwa na dawa za kulevya. Kumwambia bibi wa Maparoni kwamba ana uraibu wa kushona ni kumtukana bila kukusudia. Hobi limetoholewa, nalo lina harufu ya fomu ya maombi ya shule. Wasemaji wenyewe hutumia virai: kazi ya mkono, kujishughulisha, kupitisha wakati. Kirai cha mwisho kinaweza kumpotosha mtafiti akadhani kwamba wakati ndio unaopungua na kazi ni kisingizio. Mtu hawezi kupitisha wakati kwa kuhesabu chane bila kukosea kwa muda wa mwezi mzima.

Ukweli ni kwamba mkeka haukai vizuri katika fungu lolote kati ya haya mawili, kazi na mchezo. Huenda ukauzwa, barabara ya Kilwa, hasa tangu daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 na kuunganisha kingo mbili za Rufiji, imewaleta wanunuzi karibu. Lakini bei ya sokoni hailingani kamwe na siku zilizotumika, na anayeshona anajua hivyo kabla hajaanza. Mikeka mingi iliyo bora haikusudiwi soko. Hupelekwa kwa binti anayeolewa, kwa mama aliyejifungua, msikitini, kwa mgeni aliyeombwa arudi tena. Katika Uzaramo na Rufiji mwali aliyewekwa ndani alikuwa na siku nyingi na ruhusa chache, na ukili ulikuwa miongoni mwa mambo aliyofundishwa na wakubwa wake. Wapo wanaokumbuka desturi hiyo kama shule na wapo wanaoikumbuka kama kifungo. Mtafiti mwaminifu hana budi kuandika yote mawili, kwani vidole vilivyojifunza hesabu ya chane vilijifunza mahali ambapo mlango ulikuwa umefungwa.

Kutunga, msuko na pindu

Mwanafunzi wa ushairi hukutana mapema na bahari iitwayo msuko, ambayo kituo chake ni kifupi kuliko mishororo iliyotangulia. Baadaye hukutana na pindu, ambapo sehemu ya mwisho wa mshororo au ubeti huchukuliwa na kuanzishia unaofuata. Hujifunza kwamba kipande cha nne cha mshororo huitwa ukingo. Na juu ya yote hujifunza kwamba mashairi hutungwa. Mara nyingi istilahi hizi hufundishwa kama vibandiko visivyo na historia, na mwanafunzi huzikariri kwa ajili ya mtihani.

Hebu zirudishwe juu ya mkeka. Kutunga ni kupitisha uzi: shanga hutungwa, asumini hutungwa, samaki hutungwa katika utungo. Msuko ni namna chane zinavyopishana. Pindu ni ukoo wa pinda, nalo hutenda kama chane ifikapo ukingoni, inageuka na kurudi kuanza mstari mpya pale ilipoishia. Ukingo ni mahali ambapo kitu kilichosukwa huishia na kingine huunganishwa. Haidaiwi hapa kwamba kila istilahi ilichukuliwa moja kwa moja na mshairi fulani kutoka kwa msukaji fulani. Kinachodaiwa ni kwamba waliozipa bahari za ushairi majina haya waliishi katika nyumba ambamo mambo hayo yalionekana kila siku, na kwamba mikono iliyokuwa ikiyafanya, kwa kawaida, ilikuwa ya wanawake. Historia ya ushairi wa Kiswahili inayomtaja mwanamke kama mtunzi tu, na kusahau kwamba kazi zake ziliupa ushairi lugha ya kujielezea, ina upungufu.

Kiswahili hakiko peke yake. Wayunani wa kale walimwita mghani wa tenzi rhapsodos, na neno hilo lina kitenzi rhaptein, kushona. Mghani alikuwa mshoni wa nyimbo. Kitenzi hichohicho kinarudi Pwani kwa njia isiyotarajiwa. Kitabu cha mabaharia cha Kiyunani cha karne ya kwanza baada ya Kristo, Periplus Maris Erythraei, kinautaja mji wa mwisho wa biashara katika mwambao wa Azania kwa jina la Rhapta, na kinaeleza kwamba jina hilo lilitokana na vyombo vyake vya kushonwa. Mji wenyewe haujawekewa alama isiyo na ubishi katika ramani. Hata hivyo Felix Chami, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ameutafuta katika eneo la Rufiji, na mwaka 1999 alichapisha katika jarida la Current Anthropology makala kuhusu shanga za Kirumi zilizopatikana huko. Ikiwa hoja yake ni sahihi, basi kumbukumbu ya maandishi ya zamani kabisa kuhusu watu wa sehemu hii ya dunia inataja kwamba walishona.

Vyombo vya kushonwa viliendelea kwa muda mrefu. Mtepe wa Pwani ya Lamu, uliofungwa mbao kwa kamba bila misumari na kuendeshwa kwa tanga la mkeka, ulitoweka mwanzoni mwa karne ya 20. Tanga lake linatukumbusha kwamba mkeka ulikuwa pia injini. Tanga, kitanga na matanga ya msiba, siku ambazo waombolezaji hukaa na kulala chini pamoja, yanaelekea kuwa maneno ya ukoo mmoja, na kiungo chao ni tandiko lililosukwa.

Kamusi na kazi iliyobaki

Si haki kusema kwamba kamusi zimekosa kabisa maneno haya. Krapf mwaka 1882, Johnson mwaka 1939 na Sacleux walikusanya mengi, na Sacleux hasa alikuwa na jicho la vitu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 na toleo la 2004 zilirithi sehemu ya hazina hiyo. Tatizo liko katika namna ya kufafanua. Ukili huelezwa kwa mkeka, mkeka huelezwa kwa ukindu, na ukindu hurudishwa kwa mkeka. Mtu asiyewahi kuona kitu chenyewe huzunguka katika duara hilo akatoka alivyoingia. Hakuna anayeambiwa kwamba ukili hushonwa wapi, kwa nini una kingo mbili zisizolingana na kingo za nguo, au jina la kosa linapotokea. Maneno ya makosa ndiyo adimu kuliko yote katika kamusi, ilhali ndiyo mengi zaidi katika mafunzo.

Methali zinaonyesha gharama yake. Usiache mbachao kwa msala upitao ni methali ambayo kila mwanafunzi wa sekondari ameikariri. Wengi hudhani mbachao ni neno moja, na wachache hutambua kwamba ni mbacha wako, mkeka mkuukuu uliochakaa. Asiyejua mbacha hawezi kusikia dhihaka iliyomo, kwamba msala huo mpya na mzuri uko begani mwa mtu anayepita njia. Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa nayo imekuwa fumbo ndani ya fumbo, kwa kuwa ukambaa, yaani kamba ya kusuka kwa majani, hauonekani tena madukani. Methali inabaki, picha imeondoka.

Katika delta hasara ni maradufu. Wandengereko wa Kibiti na Rufiji wana lugha yao, ambayo Eva-Marie Ström wa Chuo Kikuu cha Gothenburg aliiandikia tasnifu ya maelezo ya sarufi mwaka 2013, akionyesha jinsi inavyoachia nafasi kwa Kiswahili. Bibi aliyejifunza ukili kwa Kindengereko akawafundisha wanawe kwa Kiswahili amefanya tafsiri ambayo haikuandikwa popote, na baadhi ya maneno yake ya ufundi huenda hayakupata mwenzi upande wa pili. Mikeka ya plastiki imefika kwa barabara ileile iliyoleta wanunuzi. Ni ya bei nafuu, huoshwa kwa maji na haisumbuliwi na wadudu. Kumlaumu anayeinunua ni kazi ya watu wasiofagia. Mafuriko ya mwaka 2024, yaliyowaondoa watu wengi majumbani mwao katika Rufiji na Kibiti, yalionyesha tena kwamba vyombo vya nyumbani katika nchi ya maji havidumu, viwe vya ukindu au vya kiwandani.

Kinachotakiwa na wanaleksikografia si kitu kikubwa. Ni mtu kukaa na msukaji kuanzia kuchana hadi mshono wa mwisho, akiwa na kinasa sauti na kamera, na kuuliza jina la kila tendo, kila sehemu na kila kosa, kwa lugha zote mbili. Wanafunzi wa kike wa idara za Kiswahili wanaotoka Kibiti wanafaa zaidi kwa kazi hii kuliko profesa yeyote, kwa sababu wengine wamekwisha kalishwa chini na bibi zao na kupewa ncha ya ukili waiendeleze. Tasnifu ya uzamili ya namna hiyo ingepatikana kwa gharama ya nauli ya basi na ya mashua.

Wakati huohuo, neno mkeka lenyewe halijalala. Vijana wa Tanzania huita mkeka ile orodha ndefu ya walioteuliwa katika nyadhifa za Serikali, ambayo hutandazwa hadharani jioni na watu wakaisoma kutoka juu hadi chini wakitafuta jina lao. Huita mkeka vilevile karatasi ya kubashiri matokeo ya mechi, ambayo mechi zake zimepangwa moja chini ya nyingine kama kili. Timu moja ikishindwa, husemwa kwamba mkeka umechanika. Usemi huo umetungwa na watu ambao wengi wao hawajawahi kushika shazia. Mkeka wa ukindu mara nyingi huanza kuharibika mshononi, na kwa jambo hilo Kiswahili kina fumuka na shonoka. Kuchana ni tendo la siku ya kwanza kabisa, wakati jani bado ni jani.